Pesa ya Reli Isiwe Ile Inayobaki

Pita mtaa wowote unaojengwa, iwe Ruai, Juja au Kitengela, na uangalie juu. Utaona nyumba imepakwa rangi vizuri, mapazia yamefungwa, dishi la TV liko juu ya paa, na balkoni imezungushiwa kamba ya manila. Wengine huweka mbao mbili za msalaba. Wengine hupanga mitungi ya maua pembeni, eti watoto wakiona maua watajua ndio mwisho.

Ukimuuliza mwenye nyumba, atakuambia reli zinakuja. Pesa imeisha kwanza. Akishapumua kidogo ataita fundi wa chuma.

Mimi nasema huyo mtu alipanga bajeti yake kinyume. Reli za nje, yaani vyuma vya kushikilia kwenye ngazi na vile vya kuzunguka veranda au balkoni, ziko kwenye fungu moja na paa. Nyumba bila hizo haijaisha. Sinki nzuri, taa za dari na vigae vya kung'aa vinaweza kungoja mwaka mzima bila mtu kuumia. Lakini kwa sababu reli hufungwa mwishoni, tunazilipia kwa chochote kilichosalia, na mara nyingi kilichosalia ni sifuri.

Nayajua haya kwa sababu tulifanya hivyo hivyo kwa mama yetu.

Tuko watoto wanne. Tulimjengea mama nyumba kijijini, Murang'a, mahali ambapo ukitaka kiwanja tambarare unakichimba mwenyewe. Kwa sababu ya mteremko, upande wa mbele veranda iko juu kama mita moja na nusu kutoka ardhini, na unapanda ngazi tisa kuifikia. Tulikuwa tunachanga kila mwisho wa mwezi, kila mtu anatuma kwa kaka yetu mkubwa, yeye ndiye mweka hazina. Tulipofika kwa vigae, dada yetu akasema mama anastahili vigae vizuri, na hakuna aliyebisha. Bei ya reli tulikuwa tumeshapewa: shilingi 38,000. Tukaandika kwenye kikundi cha WhatsApp, "Reli tutafanya Disemba."

Mama alianguka Oktoba. Mvua ilikuwa imenyesha, vigae vile vizuri vikawa na utelezi, na alipotaka kushika kitu hakukuwa na kitu cha kushika. Alivunjika mkono karibu na kiganja. Ukijumlisha hospitali, dawa, nauli za kumpeleka kliniki na msichana tuliyemwandika amsaidie nyumbani kwa miezi mitatu, tulipita ile 38,000 kabla ya Krismasi kufika.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, maana hapo ndipo simu inaingia.

Baada ya mama kuanguka tulikuwa na haraka. Kaka akampigia fundi, fundi akasema, "Boss, nitumie ya vyuma tu, kesho naanza." Kaka akamtumia 30,000 mara moja, kwa nambari yake ya simu. Hatukujua kwamba fundi alikuwa na deni la mkopo wa simu kwenye laini ile. Pesa ilipoingia, laini ikakata deni kwanza. Zaidi ya shilingi 6,000 zikaenda hivyo. Yeye mwenyewe alitueleza baadaye, na kwa aibu. Hakutaka kutupigia kusema pesa imepungua, kwa hivyo akajaza pengo kwa njia aliyoijua: akanunua vyuma vyembamba kuliko tulivyokubaliana, na akaviweka mbali mbali ili vitoshe.

Ilipofika mvua za Aprili, kutu ilikuwa inatoka kwenye kila kiungo alichochomelea. Na Pasaka hiyo hiyo tulimkuta mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, amepitisha kichwa chote kati ya vyuma viwili, anaangalia kuku chini.

Unaweza kumwita fundi yule mwizi. Mimi sikumwita hivyo. Tulimtumia mtu pesa ya vifaa kwenye mfuko wake wa kula, halafu tukashangaa kwamba mfuko uliila. Fundi wengi wa jua kali hawana mtaji wa pembeni. Pesa ya kazi yako, karo ya mtoto wake na deni la wiki jana zote zinakaa laini moja. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na huu sitaupunguza makali: pesa ya vifaa isipitie kwa fundi. Ilipe dukani, kwa nambari ya till au paybill ya duka la vifaa vya ujenzi, wewe mwenyewe, ukiwa umeona orodha.

Ni rahisi kuliko inavyosikika. Fundi anapima na kukuandikia orodha. Unapiga picha orodha, unaipeleka kwa maduka mawili au matatu, unalinganisha. Fundi anaenda dukani, anachagua vyuma, anakupigia akiwa amesimama pale. Unaingiza nambari ya till. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu binafsi badala ya lile la duka, simama na uulize. Ukishalipa, ujumbe wa kuthibitisha unabaki kwako, na muulize mwenye duka aandike risiti yenye vipimo. Kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada akilipa kwa till, tofauti na kutoa pesa kwa wakala halafu utembee nazo mfukoni.

Na ukikosea, jua kwamba kurudishiwa muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Hakukuwekwa kwa ajili ya kazi mbovu. Ukimtumia fundi 30,000 kwa hiari yako na vyuma vikaja vyembamba, hilo ni jambo lako na yeye.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia kwamba wateja wa aina yangu wanawafanya mafundi waonekane hawaaminiki. Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu yeye pia ameumizwa. Kuna wateja wanaofungiwa reli, wanasema "salio nitatuma jioni", na hiyo jioni haijawahi kufika. Ndiyo maana fundi wanaomba pesa nyingi mwanzoni, kwa sababu wanajua ya mwisho huwa ya kubembeleza. Ukitaka fundi akubali kulipwa kwa vipande, mwonyeshe kwamba kila kipande kitafika siku ile ile.

Tulivyofanya mara ya pili, na fundi mwingine, ilikuwa hivi. Vifaa tulilipa dukani. Kazi ya mikono tulikubaliana 24,000. Tukamtumia 6,000 vyuma vilipofika nyumbani na mama akavihesabu. Tukamtumia 10,000 reli iliposimama, kabla haijapakwa rangi. Zilizobaki, 8,000, zikangoja rangi ikauke na mvua moja inyeshe. Mapatano yenyewe yalikuwa ujumbe mfupi wa simu, mistari mitano, na yeye akajibu "Sawa madam, nimekubali." Hatukuandikiana mkataba wa wakili.

Kwa nini malipo ya kati yawe kabla ya rangi? Rangi huficha. Chuma kikiwa bado wazi unaona kama fundi amechomelea kiungo kuzunguka pande zote au ameshikiza tu nukta mbili. Unaweza kushika nguzo na kuisukuma kwa uzito wako wote. Ikicheza, hapo ndipo pa kusema. Ukishatuma pesa ya mwisho utakuwa unaongea na simu iliyozimwa.

Tuje kwenye hesabu yenyewe, maana watu wengi huogopa reli kwa sababu hawajawahi kuona bei yake ikifunguliwa.

Chukua veranda ya mama. Urefu wa kuzungusha, ukiondoa mahali pa kupandia ngazi, ni mita 6.4. Mabomba ya mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Nguzo na vile vyuma viwili vya kulala, cha juu na cha chini, tulitumia bomba la milimita 40. Nguzo saba za mita 1.1, na vyuma vya kulala jumla ya mita 12.8. Ukikata kwa akili, mabomba manne yanatosha.

Sasa vyuma vya kusimama, vile vya milimita 20. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipookoa pesa. Kipimo kinachofuatwa na wajenzi katika nchi nyingi ni kwamba nafasi kati ya chuma na chuma isizidi milimita 100, yaani upana wa kiganja cha mtu mzima, na reli ya balkoni au veranda ya juu iwe na kimo cha karibu mita 1.1. Ya ngazi inaweza kuwa karibu milimita 900, mahali mkono unapofika bila kuinama. Ukiacha nafasi ya 100, mita 6.4 zinahitaji vyuma kama 53. Kila bomba la mita 6 linatoa vipande sita, kwa hivyo ni mabomba tisa. Ukiacha nafasi ya 200, unahitaji vyuma 29 tu, mabomba matano.

Tofauti ni mabomba manne. Tuseme bomba moja ni shilingi 800, bei ya mfano tu, kwa sababu bei ya chuma hubadilika na kila mji una yake. Hiyo ni 3,200. Kati ya reli ambayo kichwa cha mtoto kinapita na reli ambayo hakipiti, kwenye veranda nzima, ni shilingi 3,200. Ukisikia mtu anasema vyuma vingi ni gharama kubwa, mwambie ahesabu.

Unene nao uulize kwa jina. Geji 16 ni karibu milimita 1.5, geji 18 ni karibu milimita 1.2. Ukiangalia kutoka nje, mabomba hayo mawili yanafanana kabisa, na yakishapakwa rangi hata fundi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Angalia mdomo wa bomba lililokatwa, au linyanyue. Nambari inayokua kubwa ndiyo chuma kinachokuwa chembamba, jambo ambalo limewachanganya wengi, nami nikiwemo.

Halafu kuna zile gharama ndogo ambazo hazionekani kwenye bei ya kwanza. Usafiri, maana bomba la mita 6 huwezi kulifunga kwenye bodaboda. Vijiti vya kuchomelea na visahani vya kukatia. Saruji ya kuziba mashimo. Rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya chini, ambayo fundi mwenye haraka huiruka na kupaka rangi ya juu moja kwa moja. Ukiiruka, kutu inakuja mapema na unalipa tena. Chakula cha fundi na msaidizi wake. Na stima! Mashine ya kuchomelea inakula tokeni zako. Mama alinipigia siku ya kwanza saa nane mchana kuniambia stima imeisha, na alikuwa amenunua tokeni jana yake. Uliza mapema kama fundi atachomelea karakana kwake na kuja kufunga tu, na kama ni kwako, weka pesa ya tokeni kwenye bajeti. Mimi huongeza sehemu moja ya kumi juu ya jumla yote kwa mambo kama haya, na sijawahi kubaki nayo.

Kama bado hujajenga, au slabu haijamwagwa, una bahati. Mwambie fundi wa ujenzi na fundi wa chuma wakutane mara moja tu kabla ya zege. Vipande vya chuma vya kushikilia nguzo vinaweza kuwekwa ndani ya zege pale pale, na baadaye nguzo zikachomelewa juu yake. Sisi hatukufanya hivyo. Tulitoboa vigae, viwili vikapasuka, na maji yakawa yanaingia kwenye mashimo na kukaa kwenye miguu ya nguzo, mahali ambapo chuma huoza kwanza.

Wengine wataniuliza kuhusu stenlesi, kwa sababu ndiyo fasheni sasa, hasa na vioo. Ni nzuri, na ukiwa Mombasa, Kilifi au Lamu, ambako hewa ya chumvi inamaliza chuma cha kawaida upesi, ina maana kuifikiria. Lakini kuna aina na aina. Ile inayoitwa 304 huhimili vizuri kuliko 201, na karibu na bahari 316 ni bora zaidi. Usidanganywe na jaribio la sumaku. 201 nayo mara nyingi haishikwi na sumaku. Andika nambari ya aina kwenye risiti. Kama bajeti haifiki huko, afadhali chuma cha kawaida kinene kilichopakwa vizuri kuliko stenlesi ya bei rahisi. Ukuta mfupi wa matofali pia si dhambi. Mama angekuwa na ukuta wa kufika kiunoni pale veranda mapema, na chuma tungeweka kwenye ngazi peke yake.

Pesa yenyewe itatoka wapi? Ukishapata makadirio, yagawe kwa miezi iliyobaki kabla nyumba kuisha. Kama ni 56,000 na una miezi minane, ni 7,000 kwa mwezi, au 1,750 kwa wiki kwa yule anayelipwa kwa wiki. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu ile ya kufungia hadi tarehe, mbali na salio lako la kila siku. Salio la kila siku lina maadui wengi. Kama mnachanga ndugu, msichanganye mchango wa reli na mchango wa nyumba kwa jumla, kwa sababu kwenye mfuko mmoja vigae vitashinda kila wakati. Wanne kati yetu tungetoa 14,000 kila mmoja, kidogo kidogo, na hakuna ambaye angelala njaa.

Sipendekezi kukopa kwa simu kwa ajili ya malipo ya awali ya fundi. Mkopo mfupi unadai kabla fundi hajamaliza kupima. Lakini kama mtoto ameanza kutambaa na balkoni iko wazi, na huna, funga mlango wa balkoni kwa kufuli leo, ufunguo ukae juu, halafu anza kuweka akiba. Kufuli haligharimu sana na halina riba.

Ukubwa wa kazi ukipanda, kumbuka pia mipaka ya muamala. Kwa huduma kubwa nchini huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Kwa reli za nyumba moja hutafika huko, ila ukiwa unaagiza vyuma vya nyumba za kupangisha, panga siku za malipo usije ukasimama dukani na pickup iliyopakiwa.

Na baada ya yote, reli inataka kuangaliwa. Kila mwaka, mvua za masika zikiisha, mama huzunguka na kitambaa na kunipigia kuniambia wapi rangi imebambuka. Tunatenga 300 kwa mwezi kwa hiyo, nikituma siku ile ile ninayotuma pesa ya maziwa. Mwaka jana ilitosha kopo dogo la rangi, brashi, na kijana wa jirani aliyesugua viungo viwili vilivyoanza kutu.

Ile reli ya kwanza tuliikata. Vyuma vyake vyembamba vimezungushiwa banda la kuku, na huko vinafanya kazi vizuri tu.